Bei ya Mchana

Daftari la zamu la plenti yetu ya kuchenjua dhahabu, hapa Didia wilayani Shinyanga, nalitunza mimi. Mwezi ukikaribia kuisha nalifungua, na watu wanapita mmoja mmoja kuomba: huyu anataka dei ya mchana, huyu naiti ya usiku, huyu nusu kwa nusu. Ningeweza kuwapangia tu nikabandika karatasi mlangoni, na hakuna ambaye angenishtaki. Ila plenti ni ndogo, tunajuana mpaka na wakwe zetu, na mtu aliyesukumiwa naiti bila kupenda utamkuta amejilaza juu ya mifuko ya chokaa huku pampu inavuta hewa. Kwa hiyo nauliza kwanza. Kuuliza huko kumenionyesha jambo ambalo sikulisikia kwenye mafunzo ya usalama wala kwenye semina za sheria za kazi: anayekuja kuniomba usiku, mara nyingi anawinda pesa ya mchana.

Tunachenjua marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wadogo wameshausaga kwenye karasha, wakauosha, wakaukamatisha kwa zebaki na kuchukua chao. Unaobaki bado una dhahabu. Malori yanausomba kutoka machimboni, Mwakitolyo na kwingineko, unamwagwa kwenye matangi, unatiwa chokaa, kisha maji ya sayanaidi yanazungushwa humo mpaka dhahabu iyeyuke na kwenda kunasa kwenye kaboni. Tangi moja huchukua siku kadhaa, na likishaanza halisimamishwi. Ndiyo maana tuna naiti. Mtu wa usiku anazunguka na tochi kila saa. Anatazama kama mchirizi unaoingia kwenye kaboni umepungua, anapima pH, na akikuta imeshuka chini ya 10 anaongeza chokaa upesi, kwa sababu hapo sayanaidi huanza kutoka kwenye maji ikiwa hewa, na hewa hiyo inaua. Anaandika namba, anasaini, anarudi kitini. Mikono haichoki. Kinachochosha ni kuwa macho saa 10 alfajiri.

Sasa tuangalie usiku huo unalipwa nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inasema usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa inayofanyiwa kazi ndani ya muda huo iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Chukua shilingi 300,000 kwa mwezi, ambacho ndicho kilikuwa kima cha chini kilichowekwa kwa wenye leseni ndogo za uchimbaji katika amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023. Gawa kwa saa 195, ambazo ni wastani wa mwezi kwa mtu wa saa 45 kwa wiki. Unapata shilingi 1,538 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 77. Usiku mzima, hata ukihesabu saa zote 10 na ile ya kula ikiwemo, ni shilingi 770. Hiyo haikupi sahani ya wali maharage kwa mama ntilie yeyote wa Didia. Ukikesha usiku 20 kwa mwezi, unaondoka na 15,400.

Mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi alikuwa na hali mbaya zaidi, na yeye ndiye ambaye usiku ni kazi yake hasa. Amri hiyo hiyo ilimwekea 148,000 kwa mwezi. Asilimia 5 ya saa yake ilikuwa shilingi 38, na shilingi 38 huwezi hata kumhesabia mtu mkononi, kwa maana sarafu ndogo tunayoiona dukani ni ya 50.

Kijana wetu wa hesabu, ambaye amesoma chuo, aliniambia wanauchumi wamekwisha kulieleza jambo hili. Kuna Mskoti, Adam Smith, aliyeandika mwaka 1776 kwamba kazi chafu au ngumu lazima ilipwe zaidi, la sivyo watu hawataikubali. Nikamwambia inawezekana huko kwao. Hapa kwetu tuna kazi yenye sumu, ya usiku, yenye nyongeza ya shilingi 77, na Desemba natafuta pa kuwaweka waombaji wake.

Desemba ndio mwezi wa kuanzia, maana mvua ikishaanza kushika daftari langu linageuka. Watu ambao Agosti walikuwa wananikwepa wasipangwe usiku, sasa wanakuja na soda mkononi. Mmoja wao, baba wa watoto wanne, ana jozi mbili za ng'ombe wa kulimia. Alinikuta jioni nafunga ofisi.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanawane. Karibu."

"Nimekuja kwa ile habari ya naiti. Mwezi huu na ujao zote nipe mimi."

"Zote? Utalala saa ngapi?"

"Baba, kulala si kazi. Kazi ni hii mvua."

Nikampigia hesabu yake, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Kulimisha ekari moja kwa jembe la ng'ombe huku kwetu ni 30,000 na kuendelea, na msimu ukibana bei inapanda. Akitoka kwangu saa 12 asubuhi, saa 1 yuko shambani kwa mtu, watoto wake wanaswaga ng'ombe, yeye kashika mashikio ya jembe. Jua likiwa kali saa 5 anafungua nira. Siku nzuri anamaliza ekari, siku ya udongo mzito anaishia nusu. Hata hiyo nusu ni zaidi ya mshahara wake wa siku nzima kwangu. Shilingi 770 za naiti hakuzitaja kabisa. Anachokiomba ni kuachiwa saa tano za asubuhi katika wiki zile chache ambazo udongo unakubali jembe, bila kuupoteza mshahara ambao Machi, ghala likiwa tupu, ndio utakaonunua unga.

Baada ya kulima inakuja zamu ya mpunga. Upande wetu majaruba yakishika maji watu wanapandikiza, na kupandikiza hakusubiri Jumamosi. Kisha nafaka ikianza kutoa maziwa wanakuja kweleakwelea, na kuna kazi ya kuamia ndege tangu mapambazuko mpaka jua kuzama. Ukiwaachia nusu siku wamemaliza. Wakati huo hata akina mama wa jikoni wanaulizia naiti, maana watoto wako shule na mzee wa nyumba hana tena sauti ya kufukuza ndege.

Mwanzoni nilifikiri ni kilimo tu. Nikaja kuona ni bei. Shamba likilipa, maombi ya usiku yanajaa. Shamba lisipolipa, yanapungua, hata kama mvua ni ile ile. Msimu wa 2022 pamba ilifunguliwa kwa shilingi 1,560 kwa kilo. Wenye mashamba ya pamba upande wa Kishapu walitembea vifua mbele, na Novemba ile waliniomba naiti kama wanaomba kiwanja. Msimu wa 2023 ikafunguliwa kwa 1,060. Wale wale walirudi kunitaka niwape mchana pamoja na ovataimu. Mmoja akaniambia waziwazi kwamba kwa bei hiyo afadhali ashinde kwenye kivuli cha plenti kuliko kushinda akipalilia kitu kitakachomrudishia madeni ya viuadudu. Mshahara wetu katikati ya misimu hiyo haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni thamani ya kile ambacho angekifanya juani.

Dhahabu nayo ikaja kuvuta upande mwingine. Wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300 mwaka 2001, wakati mgodi wa Bulyanhulu unaanza uzalishaji. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Huhitaji kusoma gazeti kujua bei imepanda. Unaona kwa vijana. Tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, kuanzia lile la Geita mwezi Machi, hata mwenye gramu mbili anaijua bei ya siku, kwa sababu imeandikwa ukutani. Kwa hiyo kijana anaomba naiti kwangu, na mchana anashuka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo. Duarani halipwi mshahara. Anakula mgao wa mifuko: mawe yakitoka anapata mifuko yake, yasipotoka anapata chakula na deni. Mshahara wa plenti ndio unaomwezesha kuvumilia mwezi wa mawe matupu. Wenye maduara wanawapenda sana vijana wangu kwa sababu hiyo, hawadai posho kila siku.

Hawa ndio wanaonitia hofu kuliko mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe akisinzia, jembe linapinda mstari. Agosti 11, 2025 wachimbaji 25 walifukiwa kwenye mgodi wa Nyandolwa, wilaya hii hii ya Shinyanga, na siku zile za kuwachimbua redio haikuzimwa kwenye banda letu la chai. Nilidhani baada ya pale vijana wa maduara wataniomba mchana. Yalipungua maombi, ni kweli, mpaka matanga yalipoanuliwa. Dhahabu ikapanda tena Septemba na daftari likarudi lilivyokuwa.

Nina utaratibu wangu kwa hao, hauko kwenye sheria yoyote. Anayeniambia anashuka duarani simpi naiti nne mfululizo, na simweki peke yake kwenye zamu ya kutia sayanaidi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Mwajiri wetu anazitoa, zimeandikwa. Sheria haiwezi kumlazimisha mtu azilalie.

Kuna mpishi wetu mmoja, mjane, ambaye habari yake inaenda kinyume na hawa wote, na kwangu ndiye shahidi bora. Kwa miaka aliomba naiti. Alikuwa akipikia kikosi cha usiku uji na chai, akiwakaangia wenye pesa mayai, kisha asubuhi anachukua daladala hadi Tinde kuuza matobolwa ya viazi vitamu, karanga na mayai ya kuchemsha kwa abiria. Tinde ni njia panda: barabara ya kutoka Nzega inagawanyika pale, moja inakuja huku Didia, Shinyanga na Mwanza, nyingine inakwenda Isaka, Kahama na mpaka Rwanda. Kila basi linapunguza mwendo. Wakati huo mabasi ya masafa marefu yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, katazo la tangu miaka ya 1990, kwa hiyo biashara yote ya dirishani ilikuwa ya mchana na jioni. Oktoba 2023 serikali ikayaruhusu mabasi kusafiri saa 24. Mwezi haukupita yule mama akaja na daftari lake la madeni ya mayai, akaketi.

"Baba, nitoe usiku."

Nikamuuliza kulikoni, maana alikuwa nguzo ya kikosi. Akaniambia basi la saa 8 usiku lina abiria wenye njaa ambao hawana pa kwenda, dereva anasimama kidogo tu, na hakuna mashindano kwa sababu wauzaji wengine wameshalala. Usiku wake ulikuwa umepata mnunuzi mwingine. Sasa anapika mchana plenti na anauza usiku Tinde, na mimi nimebaki na jiko la usiku linalowashwa na mlinzi. Ile asilimia 5 aliiacha bila kugeuka nyuma.

Karasha nazo zilipitia jambo kama hilo. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Nyerere haujawashwa Februari, umeme ulikuwa wa mgao, na mara nyingi kwetu ulirudi watu wakiwa wamelala. Karasha ya umeme bila umeme ni chuma tu. Wenye karasha wakahamishia kusaga usiku, na kwa kuwa wasagaji hulipwa kwa mfuko, wao wakaufuata umeme. Hakuna aliyeuliza asilimia. Pale usiku haukuchaguliwa na mtu yeyote, ulichaguliwa na TANESCO, na wenye mapafu ya kuvuta vumbi lile saa 9 usiku walikuwa vijana wa miaka ishirini ambao wanaamini vumbi linatoka kwa maziwa.

Niliwahi kufanya kazi na mafundi waliotoka kwenye migodi mikubwa, hasa baada ya mgodi wa Buzwagi kusimamisha uzalishaji mwaka 2021 na watu wa Kahama kusambaa wakitafuta pa kushika. Huko hakuna daftari la maombi. Mzunguko wa zamu umepangwa kwa mwaka mzima, saa 12 kwa zamu, mchana kadhaa, usiku kadhaa, kisha ofu, na basi la kampuni linakufuata. Nilidhani wataniambia usiku ni mateso tu. Fundi mmoja wa pampu, ambaye ndiye aliyenifundisha kusikiliza sauti ya beringi inayokaribia kufa, aliniambia watu kule walikuwa hawabishanii usiku, walikuwa wanabishania ofu ziangukie wapi. Mtu anayepata siku nne mfululizo za kukaa nyumbani anaweza kusimamia ujenzi, kupeleka ng'ombe mnadani, kufungua duka la mkewe. Alipojiunga na sisi kwa mshahara ambao ni mdogo sana kuliko ule, swali lake la kwanza halikuwa mshahara. Aliuliza kama ofu zinaweza kuunganishwa.

Nisije nikaonekana nausifia usiku. Mwili una saa yake, na wanasayansi watatu wa Marekani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya usiku, mwaka 2007, kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na 2019 ikarudia uamuzi huo. Hiyo ni ya mbele. Ya leo unaiona kwenye karatasi za vipimo. Namba za saa 4 usiku zimeandikwa vizuri, mistari imenyooka. Za saa 10 alfajiri zimelala ubavu, na mara moja moja unakuta pH ya saa 10 na ya saa 11 zinafanana mpaka nukta. Nikiona hivyo najua hakuzunguka, ameandika kitini. Simuulizi mbele ya wenzake. Naangalia kwanza jana mchana alikuwa wapi.

Nyumbani nako hakulaliki. Nyumba zetu ni za bati, Oktoba saa 5 asubuhi ndani kunachemka. Jirani ana mashine ya kusaga. Mtoto anataka kusainiwa daftari la shule, mgeni amekuja kutoka Nzega na hawezi kuambiwa baba amelala jua likiwa juu, ataona amefukuzwa. Halafu kuna sungusungu. Tangu ilipoanza miaka ya 1980 huku Usukumani na Unyamwezini, nyumba inatakiwa itoe mtu wa doria zamu yake ikifika, na kwa vijiji vya kwetu asiyefika hutozwa. Watu wangu wa naiti wanalipa wenzao wakalinde badala yao. Yaani mtu anapokea 770 ya usiku huku na anatoa elfu mbili tatu ya usiku kule. Kwenye hesabu ya kijana wetu wa chuo kitu hicho kingeandikwa hasara. Yeye mwenyewe anayelipa anakwambia kwa utulivu kwamba kesho asubuhi ana ekari ya mtu.

Wanawake sheria imewawekea ukuta mahali pamoja: mjamzito asifanye kazi ya usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na mama asirudishwe usiku miezi miwili baada ya hapo. Naiunga mkono. Lakini nimeshaombwa na dada mmoja wa maabara, tumbo limeshaonekana, nisimtoe naiti mapema, kwa sababu mchana alikuwa anafuma mashuka ya oda kwa ajili ya kununua vitu vya mtoto. Nilimtoa tarehe ilipofika. Alinuna, na ana haki ya kununa, kwa sababu sheria ilimwondolea mchana wake bila kumpa kitu mahali pake.

Katika vikao vya wafanyakazi huwa nasikia hoja ya kupandisha ile asilimia. Ifanywe 10, wengine wanasema 20. Sipingi, nami napokea. Lakini pigeni hesabu: ikiwa 10, saa inakuwa shilingi 154, ikiwa 20, shilingi 308. Kwa naiti nzima ni elfu tatu na ushee. Haitamtoa mwenye ng'ombe shambani, wala haitampandisha kijana kutoka duarani. Kinachowapeleka huko ni ule mstari wa juu wa karatasi ya mshahara, wa msingi, ambao asilimia zote zinachotwa humo. Mtu ambaye msingi wake unafikisha nyumba hadi tarehe 30 anaweza kuchagua zamu kwa kuangalia usingizi wake. Ninao wawili tu wa namna hiyo, mkemia na msimamizi wa mitambo. Wote wawili wanaomba mchana, Desemba na Agosti, mvua na jua, na hawajawahi kuniletea soda.

Kwa upande wa mwenye plenti, mambo yalikuwa mazuri muda wote wa mvua. Watu wanagombania usiku kwa 770, yeye ana haja gani ya kuongeza? Shida yake huanza Juni. Mavuno yameingia, kuna mahindi ndani, pamba imeuzwa, ngoma zinapigwa jioni, na usiku una baridi inayopenya koti. Hakuna anayetaka naiti. Mwaka mmoja nilipomletea daftari lenye usiku mtupu aliniambia nipange kwa lazima. Nikampangia. Wiki hiyo hiyo pampu mbili ziliungua, na kaboni ya tangi moja ikakaa bila maji mpaka asubuhi. Nikarudi kwake na hesabu ya pampu. Tukakubaliana, kwa miezi ya kiangazi, shilingi 5,000 kwa kila naiti juu ya ile ya sheria.

Siku ya kuandikisha nilitegemea vijana wasio na familia. Walikuja kina baba watatu kabla sijafungua mlango, mwenye ng'ombe akiwa wa kwanza.

"Wewe si umemaliza kulima?" nikamuuliza.

"Nimemaliza, baba. Nafyatua tofali. Kiangazi ndio wakati wake."

Wenzake wawili walikuwa kwenye tanuru moja naye. Wakakesha kwangu Julai na Agosti, mchana wakafyatua, wakapanga, wakachoma. Tanuru lilipoiva walinikabidhi naiti zao siku moja, wote watatu, wakarudi dei. Mwenye plenti akaniita akaniuliza: kama watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya tofali, ile elfu tano tuliitoa ya nini, na mwaka huu tusiikate? Nikamwambia aikate akitaka, ila aanze kwa kuniambia nani mwingine huku Didia anayefyatua tofali, nikamwandikishe.